Shati Lililonyunyiziwa Pombe

Mtaani walimwita Mama Kola, na ingawa siku hizi macho yamemchoka na cherehani ameigawa, jina halijamtoka. Kazi yake ilikuwa kugeuza kola. Shati la mtu wa ofisini likishalika shingoni hadi nyuzi zikachungulia, yeye aliifumua kola, akaipindua ili upande uliokuwa umefichwa uje juu, akaishona tena kwa kufuata matundu yaleyale ya sindano ya kiwandani. Mwenye shati akaondoka nalo kama jipya. Walimu, makarani, hata hakimu mmoja, wote walipita kwake, na aliwajua kwa shingo zao. "Huyu anayejidai bosi," alikuwa akisema huku pini amezibana mdomoni, "shingo yake inakula shati kama panya."

Huyo ni mama mkwe wangu. Namweleza hapa kwa sababu watu wameanza kumsifu, na wengi wanaomsifu hawajawahi kukaa naye chumba kimoja hata mchana mmoja. Mimi nimekaa naye. Nitasema yake, na kwa kuwa yake hayasemeki bila yangu, nitasema na yangu, ingawa uso unaniwaka.

Aliolewa akiwa msichana mdogo na mpima mizigo wa stesheni, mwanamume mcheshi aliyependwa na wachukuzi. Walipata mvulana, wasichana wawili, na kitinda mimba ambaye baadaye akawa mume wangu. Huyu wa mwisho hajaanza hata shule, baba yake akaanza kuanguka ovyo pale stesheni na kucheka mahali pasipo na cha kuchekesha. Haukupita muda akafa. Watu waliambiwa ni pombe. Mama Kola akabaki na cherehani moja na midomo minne ya kulisha. Hakurudi kwao, hakuolewa tena, hakumgongea jirani mlango kuomba chumvi. Hilo nampa, kwa kuwa ni haki yake.

Mimi nilikuwa nikikunja mashuka katika nyumba ya wageni. Shule niliiona kwa nje tu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zangu wa kubeba. Mume wangu alikuwa fundi vigae, akaletwa pale kutengeneza mabafu. Siku ya kwanza alinikuta nahangaika na shuka la kitanda kikubwa. Akashika pembe mbili za upande wa pili bila kuulizwa, tukakunja.

"Dada, likija lingine niite," akasema. "Vigae haviendi popote."

Siku ile kweli havikwenda popote, na msimamizi alitufokea wote wawili.

Aliponipeleka kwa mama yake, Mama Kola alinikalisha kwenye kigoda kando ya cherehani akanihoji. Kwenu kuna kifafa? Kuna kichaa? Kuna aliyewahi kukohoa damu? Mama yako alizaa wangapi, na waliokufa walikufa na nini? Nilijibu yote, hata habari za shangazi yangu aliyekuwa akigombana na kuku wake kama watu wazima. Alicheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Nami nikajipa moyo, nikauliza langu moja tu.

"Na baba mkwe, Mama, yeye aliondoka kwa maradhi gani?"

"Pombe," akasema, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. "Lakini mwanangu haonji. Hapo una bahati yako."

Ni kweli hakuonja. Tuliishi vizuri. Alikuwa mtu wa kupima kila kitu, hata rafu yangu ya sufuria aliipigia pima maji, akanionyesha kwa fahari kile kipovu kimekaa katikati. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anaingia darasa la kwanza siku baba yake alipopanga vigae vya ukuta mzima upande upande, bafuni kwa daktari wa meno. Alipomaliza alisimama akautazama ule ukuta, akacheka. Daktari alimfukuza kabla hajanawa mikono.

Kazi zikaisha moja baada ya nyingine. Akaanza kuyumba njiani. Mkono ulikuwa ukiruka wenyewe mezani na kumwaga chai. Jina la binti yetu lilimpotea, akawa anamwita "wewe mdogo." Mchana alishinda kwa mama yake, maana mimi nilikuwa kazini, na alasiri alirudi akipepesuka, shati likinuka pombe kali.

Sikumwona na chupa hata siku moja. Nilipekua mvunguni, nyuma ya tangi la maji, ndani ya mfuko wake wa zana. Nilimnusa kinywa, hakikunuka, nikasema anatafuna kitu cha kuficha. Mtu anayetaka kuamini jambo halemewi na ushahidi. Nilimtukana mbele ya mtoto. "Mlevi mkubwa wewe, hata haya huna?" Alifungua mdomo kunijibu, maneno yakamkwama, kikatoka kicheko. Nikadhani ananicheka mimi. Nikamhamishia mkeka sebuleni, kwa sababu ile harufu ilikuwa ikinitia kichefuchefu. Alikuwa akija mlangoni pa chumba na kusimama tu, kama mtu aliyesahau alichofuata, nami nilikuwa nikimfungia mlango.

Naye Mama Kola alikuwa akipita nyumba kwa nyumba. "Mwanangu alikuwa haonji," aliwaambia watu. "Mdomo wa mkewe ndio uliomsukuma baa." Mwishowe akaja na mkokoteni, akamchukua na nguo zake, akamweka katika chumba chake cha nyuma. Nikienda kumwona, mlango ulifunguliwa nusu.

"Amelala."

"Mama, namsikia akiongea."

"Anaota."

Alifia humo. Mazishini niliketishwa nyuma, pamoja na majirani waliokuja kwa sababu ya heshima. Tangu hapo nikapewa jina, Mama Baa. Kwenye foleni ya maji mwanamke mmoja mwenye sauti kama king'ora alipenda kunipigia kelele, "Mama Baa, leo umefunga mapema?" Watu walicheka. Nami nilicheka, maana ukinuna ndipo wanapojua wamekupata. Lakini ndoo ile nilikuwa nikifika nayo nyumbani nusu, maji mengine nimeyamwaga njiani.

Binti yangu nikamlea na jina hilo likinifuata kila mahali. Amekuwa mwanamke wa kutazamika, ni fundi wa simu, ana meza yake katika duka lenye watu. Akapata mchumba, fundi majokofu, kijana mpole anayesalimia kwa mikono miwili. Nikasema, sasa Mungu ameniona.

Hapo ndipo ilipokuja kadi ya mwaliko, imeletwa na dereva wa lori la shemeji. Shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, ana malori na ana neno. Dereva alisema, "Mzee kasema uvae vizuri, shemeji, kutakuwa na kamera." Binti yangu ndiye aliyenisomea. Ilikuwa sherehe ya kutoa ruzuku ya kumbukumbu yenye jina la mume wangu. Watapewa watafiti vijana wanaochunguza maradhi ya prioni.

"Prioni ndiyo nini?" nikauliza.

"Mama, hapa wanasema Baba alikufa kwa ugonjwa wa ubongo."

"Baba yako alikufa kwa pombe."

Aliisoma tena kimoyomoyo. "Pombe hawajaitaja," akasema.

Baadaye nilikuja kuelewa mambo yalivyokuwa. Madaktari wa chumba cha maiti walikuwa wameomba kipande cha ubongo wa marehemu wakakipime, shemeji akakubali, na majibu yalipotoka akayakalia. Miaka ikapita. Juzi juzi ndipo alipojitia ujasiri, akaenda kupimwa damu yeye mwenyewe, akakutwa salama. Baada ya kukutwa salama ukarimu ukamjaa, akatoa fedha za ile ruzuku. Kuja kuniambia mimi na mwanangu hakukuwamo katika ukarimu huo.

Sherehe ilikuwa katika ukumbi wa chuo cha udaktari, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe. Mbele waliweka picha kubwa ya mume wangu ameshika mwiko wa saruji, anatabasamu. Picha hiyo nilikuwa nayo mimi, ikapotea siku waliyomhamisha. Familia ilikaa mstari wa kwanza. Sisi tulielekezwa wa tatu na msichana aliyeuliza, "Nyinyi ni wageni wa nani?"

Mtafiti aliyepewa ruzuku alikuwa mwanamke kijana, amevaa viatu vya chini, sauti yake haina majivuno. Alieleza kwa lugha ya kueleweka. Alisema ndani ya ubongo kuna protini, na protini ina namna yake ya kukunjika. Ikitokea moja ikakunjika vibaya, inazikunja na zile inazozigusa, nazo zinazikunja nyingine, mpaka ubongo unaingia vitundu kama sifongo. Mgonjwa huyumba, viungo humruka vyenyewe, husahau, wengine hucheka bila sababu. Dawa bado haijapatikana, na ndiyo sababu ya hizo ruzuku. Ugonjwa hauambukizwi kwa kula pamoja wala kulala kitanda kimoja. "Lakini ziko familia zinazourithi," akasema. "Mtoto wa mgonjwa katika familia hizo ana nafasi nusu kwa nusu."

Mkono wa binti yangu ulitafuta wangu. Ulikuwa baridi.

Kisha wakamwita Mama Kola atoe shukrani. Alipanda jukwaani polepole, ameshikwa na shemeji, akakataa kipaza sauti, halafu akakikubali.

"Hawa wamesema ya vitabuni," alianza. "Mimi nitasema niliyoyaona. Mama mkwe wangu alikufa akicheka. Binti yake akafuata. Akafuata mume wangu. Kwa hiyo mwanangu alipopanga vigae upande, sikuhitaji daktari. Nilijua siku ileile."

Wapiga picha walishusha kamera.

"Alipokufa mume wangu nilikuwa na mabinti wa kuozesha, na alipougua mwanangu wao walikuwa na mabinti wao. Nani angeoa katika nyumba ya watu wanaorukwa na akili? Mlevi watu humcheka, lakini kwao huoa. Basi nikanunua chupa. Mwanangu akishinda kwangu, kabla hajarudi kwake namnyunyizia shatini, hapa kifuani na hapa kwenye kola. Yeye alidhani ni manukato. Alikuwa akinishukuru."

Watu walilia. Profesa mmoja alivua miwani akafuta macho. Mshereheshaji akasema tumeshuhudia ushujaa wa mama, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Hakuna aliyejiuliza mtu yule, baada ya kunyunyiziwa, alirudi kwa nani. Mama Kola alitazama kila upande wa ukumbi isipokuwa mstari wa tatu.

Nami nilisimama nikapiga makofi. Nilikuwa nalia kwa ajili ya mtu niliyemfungia mlango, na mikono inapiga makofi. Mpaka leo nikiikumbuka sauti ya makofi yangu natamani kuingia chini ya kitanda.

Tulipotoka, mtafiti yule alitufuata barabarani. Alimwambia binti yangu kwamba kipimo cha damu kipo, kwamba hakuna haraka wala lazima, na wapo watu wa kuzungumza naye kwanza. Binti yangu akashukuru, akaweka namba yake kwenye simu. Tukatembea. Mama mwingine pale angesema pole, mwanangu. Angemkumbatia. Sasa nisikilizeni mimi nilisema nini.

"Kijana wako asijue. Wala mama yake. Ngoja mfunge ndoa kwanza."

Akasimama katikati ya njia, watu wakawa wanatupita. "Mama, umejisikia?"

"Nimesema kama mama."

"Umesema kama Bibi."

Hakuniongelesha mpaka nyumbani. Siku zilizofuata alikuwa akija mezani, anakula, anaondoka. Mama wa kijana alikuwa amepanga kuja kwetu kujuana kabla wazee hawajakutana, na siku ilikuwa inakaribia. Nikaona bora nimtulize. Nikamwambia mambo kama haya huzungumzwa na wazazi. Mimi nitamweleza mama yake, mwanamke kwa mwanamke, taratibu, tena kwa ukweli wote. Aliniangalia sana.

"Kweli, Mama?"

"Kweli."

Nilipokuwa nikisema hivyo nilikuwa namaanisha. Naapa nilimaanisha.

Mama wa kijana alikuja Jumamosi na trei ya mayai. Anafuga kuku wa mayai, ni mnene, mchangamfu, anaingia nyumba ya mtu kama mtu anayerudi kwake. Alikataa kukaa sebuleni. "Mimi sebule zinanipa usingizi," akasema, "nipeleke jikoni tuonane vizuri." Akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaanza kumsifu binti yangu na kumsema mwanawe. "Huyo wangu ni yai la viini viwili, dada. Kubwa, zuri, lakini ukilibana tu, limekwisha. Anataka mkono uliotulia."

Tulicheka. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia kwa miaka. Huyu mwanamke hakuwa ananiita Mama Baa. Alikuwa akiniita dada, na macho yake yalikuwa yananitazama kama mtu anayestahili kutazamwa. Binti yangu alikuwa nje ya dirisha akisuuza vikombe.

Mgeni akaweka mkono wake juu ya goti langu. "Dada, usinione mdaku. Sisi tunachanganya damu. Marehemu baba wa binti, yeye aliondoka na nini?"

Neno lilikuwa limeiva mdomoni. Nililipanga usiku na mchana, najua lianzie wapi. Nikamtazama, nikaona uso ule mwema, nikaona utakavyobadilika nikishasema ubongo, nikishasema kurithi. Nikasema,

"Pombe, dada yangu. Alikunywa sana."

Mtu niliyejua sasa kwamba hakuonja. Siku chache tu nyuma nilikuwa nimemlilia ukumbini. Nikamvalisha tena lile shati kwa mkono wangu mwenyewe.

Binti yangu aliingia na vikombe. Aliviweka mezani kimoja kimoja bila kulia wala kupaza sauti. "Mama, nilijua utashindwa," akasema, "lakini si kwa neno hilo." Kisha akamgeukia mgeni. "Mama, baba yangu hakunywa hata tone. Alikufa kwa ugonjwa wa ubongo wa kurithi. Huenda ninao, huenda sina. Sijapima."

Nilingoja mgeni ainuke achukue mayai yake. Hakuinuka.

"Najua, mwanangu," akasema. "Ulimwambia mwenzako jioni ya ile sherehe, naye hajui kuficha kitu, akaniambia kabla hata hajavua viatu. Nimelia, nimemaliza. Nimekuja hapa roho yangu imekubali. Hata mimi sijui kuku gani kesho ataamka." Akanigeukia. Ule uchangamfu ulikuwa umeshuka. "Nilikuuliza dada ili tulie pamoja. Ugonjwa nilishaupatia mahali. Sasa huu uongo niuweke wapi?"

Nilishika kitambaa cha vyombo nikawa nafuta meza iliyokwisha kufutwa. Nilijaribu kusema habari za jina la mtoto, heshima ya nyumba, nikasikia kwamba kila neno linalotoka nimeshalisikia mahali, kwa sauti ya mwanamke mwingine mwenye pini mdomoni.

Alikunywa chai yake yote, maana ni mtu wa adabu. Mlangoni akasema, "Ndoa siivunji, hawa watoto hawana kosa. Lakini siku ya wazee kukutana nataka upande wenu aseme mtu ambaye nikimsikia nitalala. Nasikia bibi yake alisimama mbele ya watu akasema yote. Mleteni yeye."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda kumpigia magoti Mama Kola.

Nilikuwa sijakanyaga kwake tangu mazishi. Njia nzima nilikuwa nimepanga, maana miaka yote nilikuwa na maneno yangu ya kumwambia siku nitakayompata peke yake. Nitamuuliza alilalaje. Nitamuuliza kama aliwahi kunisikia nikilia nje ya mlango wake. Nilimkuta ameketi barazani, amevaa miwani mizito, anajaribu kutunga uzi kwenye sindano.

"Nitungie huu," akasema, kama nilitoka jana. Nikaketi nikatunga.

"Mama, wakwe wanakutaka ukaseme."

"Mimi? Wewe una nini? Umekatwa ulimi?"

"Mama wa kijana aliniuliza mwanao alikufa na nini."

"Ukamwambiaje?"

Uzi uliniponyoka. "Pombe."

Nilijiandaa kuchekwa. Angecheka ningepata pa kuanzia, ningemmwagia yote. Hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni muda mrefu.

"Inatoka haraka, eeh?" akasema. "Hata hujajua kama umefungua mdomo."

Basi. Hayo ndiyo tuliyozungumza juu ya mume wangu, mimi na mama yake, na baada ya hapo aliniuliza bei ya vifungo. Maneno yangu ya miaka yote nikarudi nayo kama nilivyokwenda nayo.

Siku ya wazee alikuja amevaa gauni la kijivu, amejinyoosha. Shemeji alitaka kuwa msemaji, mama wa kijana akamwambia kwa heshima kwamba yeye atasikilizwa siku nyingine. Mama Kola akasema yote bila kupunguza, kuanzia mama mkwe wake hadi mwanawe. Akawaambia mtoto wetu anaweza kuwa nao, na damu yake ameshampa yule mtafiti, lakini jibu atalisikia siku akitaka mwenyewe, wala asisukumwe na mtu. Kijana alikuwa amemshika binti yangu mkono mbele ya wazee wote, hakuna aliyemkemea.

Mimi nilikuwa nikipita na birika. Nilikuwa nimefika kwa mama wa kijana, namimina, Mama Kola aliposema, "Na lingine. Huyu mke wa mwanangu aliwaambia pombe. Msimlaumu. Neno hilo nilimpa mimi, siku aliyokuja kwangu anaposwa. Aliniuliza kwa uzuri nikamjibu kwa uongo. Halafu nikamsingizia mtaani kwamba yeye ndiye aliyemtia mwanangu ulevini. Hakumtia. Hakuna ulevi uliokuwepo. Kama kuna kosa, liwekeni kwangu."

Mama wa kijana alijifuta macho. "Mama," akamwambia, "wewe una moyo mkubwa." Wazee wakaitikia. Shemeji akakohoa. Wakamsogezea mto aegemee.

Miaka yote nilingoja mwanamke yule asimame mbele za watu anisafishe. Nilikuwa nikiiwaza hiyo siku nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa nakunja mashuka ya wageni. Nilijiona nimeinua kichwa. Sasa imekuja, na nimeshika birika, na kichwa hakiinuki, kwa sababu yale niliyosingiziwa na lile nililotenda kweli ameyafunga furushi moja akayachukua yote, na watu wanamsifu kwa kuyabeba. Jikoni siku ile sikusukumwa na mtu. Mume wangu hakuwa amekufa juzi, sikuwa na mabinti wawili na cherehani moja. Nilikuwa na binti mmoja aliyekuwa tayari kusema kweli, nikamzuia. Hilo hakunifundisha yeye. Nilitaka kufungua mdomo niseme hivyo pale pale, mbele ya wazee. Nilijiona nikisema. Chai ikajaa kikombe, ikamwagika kwenye kisahani.

"Mkwe, inatosha," mama wa kijana akaniambia polepole.

Ndoa ilipangwa. Wazee wakaanza kutaniana juu ya nani atacheza na nani. Mama Kola akaonja chai yake akakunja uso.

"Mke wa mwanangu," akaniita, "sukari imepungua."

Nikaenda jikoni kuileta. Kopo la sukari lilikuwa mezani, mbele yangu. Nilisimama nikilitazama, nikisikia vicheko vyao kutoka sebuleni, mpaka binti yangu akaja kuniita mara ya pili.